Ndugu yako kawekwa kizuizini bila mashtaka: kwenda Arusha kunasaidia?

MLETA MADA
Wakuu, kila mtu anapokamatwa na kufichwa bila kufikishwa mahakamani, hakosi wa kusema "Arusha kazi bure". Sikubaliani. Arusha pana maana, ila kuna kifungu kinachotuua.

Pale kuna mahakama mbili. Ile ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hupokea shauri la mwananchi iwapo tu nchi yake imetoa tamko la kuruhusu. Rwanda ilijitoa 2016, Tanzania ikatoa notisi ya kujitoa 2019. Kenya, Uganda na Burundi hazikuwahi kutoa tamko. Tunabaki na Mahakama ya Afrika Mashariki, ambako hulazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Plaxeda Rugumba aliishtaki Rwanda huko 2010 kwa sababu luteni kanali wa ukoo wake alikuwa anashikiliwa bila mawasiliano. Akashinda 2011, rufaa ya serikali ikagonga mwamba 2012.

Tatizo ni kifungu cha 30(2) cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili. Miezi miwili! Huo ndio muda ambao familia bado inazunguka vituo vya polisi na mochwari ikiuliza kama mtu wao yu hai. Waathirika wa operesheni ya kijeshi ya Mlima Elgon, Kenya, walikwama hapohapo 2012: kitengo cha rufaa kilisema muda umepita, na kwamba Mkataba hautambui uvunjaji wa haki unaoendelea siku hadi siku.

MCHANGIAJI
Mkuu, hukumu ya 2011 ilimtoa nani? Majaji walitamka tu kwamba Mkataba umevunjwa, na mtu mwenyewe alishapelekwa mahakama ya kijeshi. Halafu kifungu cha 27(2) kinasema mamlaka ya mahakama hiyo kusikiliza kesi za haki za binadamu yatakuja kwa itifaki (makubaliano ya nyongeza ya nchi wanachama), ambayo haijaja. Na bila ukomo wa muda wa kufungua shauri, serikali zitaburuzwa kwa mambo ya kale.

MLETA MADA
Hoja ya 27(2) ilijibiwa 2007. Uganda, Novemba 2005, watuhumiwa walipewa dhamana na Mahakama Kuu, askari wakaizingira mahakama, watu wakarudishwa gerezani. Katika shauri la Katabazi majaji walisema hawataacha kazi yao ya kutafsiri Mkataba eti kwa kuwa haki za binadamu zimeguswa.

Hukumu haikufungua mlango wa gereza, kweli. Ila serikali iliyokuwa kimya ililazimika kujibu kwamba inamshikilia nani na kwa sheria ipi. Kwa familia iliyokuwa gizani hilo ni kubwa sana, msilidharau.

Ukomo sipingi. Ninachodai ni siku zianze kuhesabiwa mtu akishaachiwa au kufikishwa mbele ya hakimu. Wakuu wa nchi waliubadili Mkataba kuingiza ukomo huu baada ya mahakama kuwabana. Wanaweza kuubadili tena. Mwenye sababu ya saa kuhesabu wakati mtu bado yuko ndani, ailete hapa.