Mjadala: Ngoma ya Kigogo harusini hapa Dodoma, dakika 10 zinatosha?

Mleta mada, Nzuguni

Mbukwenyi wadau. Hili jambo limenikaa rohoni toka Jumamosi iliyopita nikaona bora niliweke hapa tulijadili wazi. Swali langu ni moja tu, muheme, ile ngoma yetu wanayopiga akina mama, na nyimbo zetu za Kigogo kwenye harusi na sendofu hapa Dodoma zipewe muda wa maana, nasema saa nzima au zaidi, au tuendelee na hizi dakika 10 za kumwingiza mgeni rasmi ukumbini afu dijei anakata?

Tulikuwa tunamuoza binti wa kaka yangu, mi nilikuwa kwenye kamati, upande wa burudani. Tukawaleta akina mama 14 kutoka Mvumi na ngoma zao, wamefika na kosta toka saa sita mchana, wengine wana wajukuu mgongoni. Sasa kwa asiyejua, ngoma ya ngozi haipigwi ikiwa baridi, lazima uipashe moto kidogo ngozi ikaze ndo itoe sauti yake. Wakawasha nyasi nyuma ya ukumbi, mlinzi akaja mbio akamwaga maji, anasema peva zitaungua. Wakaingia hivyohivyo ngoma zimelegea. Wakapiga, wakaanza kukolea, yule mama anayeongoza ndo kwanza anaita na wenzake wanamjibu, emsii akashika maiki "asanteni sana akina mama, makofi kwao", dijei akaachia amapiano. Wimbo umekatwa katikati ya jibu. Nilimwona yule mama amebaki na mkono juu ya ngoma, hajui aushushe au aendelee.

Saa nne usiku nikatoka nje kuwasindikiza, kosta imechelewa, na baridi ya Dodoma ya mwezi wa saba mnaijua. Wako pembeni ya barabara wamewasha kimoto chao, ngoma zimepata joto, wakaanza kupiga. Hawampigii mtu yeyote, wanafukuza baridi tu. Dakika tano hazijaisha watu wakaanza kutoka ukumbini, kwanza wapishi, wakaja wazee, mara bibi harusi mwenyewe shela kalikunja mkononi anatikisa mabega kwenye vumbi, viatu kavua. Kaka yangu ambaye hakutoa chozi hata siku tunamzika mama yetu, pale barabarani alilia kama mtoto na wala hakujificha. Mi nilisisimka mwili mzima. Ndani spika zinaunguruma kwa viti.

Na niseme la pesa pia maana ndo lililoniuma zaidi. Dijei tulimlipa 600,000. Akina mama wote 14 kwa pamoja 150,000, na chakula walipewa mwisho kabisa baada ya wageni. Gawanyeni wenyewe muone kila mmoja kaondoka na nini. Mi nilikuwa kwenye hiyo kamati na nilinyamaza.

Mi naamini hizi nyimbo hazijapungua nguvu hata chembe, sisi ndo tumezinyima muda. Wimbo wa kuitana na kujibizana unapanda polepole, ukiukata dakika ya kumi umeukata kabla haujafika. Leteni hoja.

Dijei, Area C

Kaka mkubwa pole kwa yaliyotokea, ila msitutwishe sisi mzigo wote. Dijei anafata ratiba, ratiba inaandikwa na kamati, na kamati inaangalia waliochangia. Mtu kachanga laki yake kwa kadi ya dabo kaja na mkewe anataka kucheza, na harusi za Dodoma sa hivi sio za Wagogo peke yao, toka serikali ilivyohamia 2016 ukumbini una Wasukuma, Wahaya, Wachaga, Wanyakyusa, watoto wa UDOM, ukimpigia kila mtu ngoma ya kwao mtakesha, kwaiyo unatafuta kinachowaunganisha na kinachowaunganisha ni bongo fleva, singeli na sebene, haina ubishi. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, ikianza tu mtu hana muda wa kufikiria anajua wa kwao au sio wa kwao, anaruka. Nimeona wazee wa miaka 70 wanaruka. Je hiyo nayo sio hisia?

Na nimejaribu kupiga muheme wa kwenye fleshi, nakwambia ukweli unakufa. Spika zinatoa besi tu, zile sauti za akina mama zinapotea huko juu, watu wanakaa. Sio kwamba tunadharau.

Mwalimu, Kongwa

Dijei umegusa penyewe. Nafundisha muziki na hiki kitu kimenisumbua miaka, kwa nini wimbo wa Kigogo ukipigwa na kinanda cha kanisani au bendi ya ukumbini unakuwa kama chakula cha jana. Sababu ipo kwenye ngazi ya sauti yenyewe. Kinanda kimegawanywa vipande 12 vilivyo sawa, lakini marimba ya Kigogo, ile ilimba ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, inasetiwa kufuata sauti ndogondogo zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja nene, ukigonga uzi mmoja mrefu ukatega sikio vizuri utazisikia zinapanda. Zipo ambazo kwenye kinanda hakuna kitufe chake, zinaangukia katikati ya vitufe. Wagogo wanaimba kwa sauti nyingi zinazopishana zikifuata ngazi hiyohiyo, ndo maana kundi la watu ishirini bila chombo chochote linaweza kukutoa machozi, zile sauti zinaungana mpaka unahisi kuna mtu mwingine anaimba humo ndani ambaye humuoni. Ukiiweka kwenye kinanda umeinyoosha, na ukishainyoosha hakuna kitu.

Hukwe Zawose, yule gwiji wa ilimba na nyimbo za Kigogo, alizaliwa Doduma hukuhuku kwetu, 1938. Mwalimu Nyerere akamchukua kwenda Dar es Salaam kwenye kikundi cha taifa, baadae akawa Bagamoyo mpaka alipofariki Desemba 2003. Ameimba Ulaya, Marekani, Japani, kwa watu wasiojua neno hata moja la Kigogo, na walikuwa wanakaa wanamsikiliza saa nzima. Saa nzima jamani! Sisi tunampa mama wa Mvumi dakika 10.

Afu wanaodhani ni mambo ya wazee, mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wametoa albamu, na kwenye familia ile zamani wanawake walikuwa waitikiaji tu nyuma, ilimba na kuongoza wimbo ni kazi ya wanaume. Ndo wameshika mbele sasa. Mila inatembea.

Mtumishi, Mtumba

Mimi ni Mkerewe, nimehamia hapa na wizara 2017. Nilikuwa sijui chochote kuhusu Wagogo zaidi ya zabibu. Siku moja nimeenda msiba Chamwino wa mzee wa ofisini kwetu, watu wakaimba usiku, hakuna spika hakuna kinanda. Sikuelewa neno. Nililia na mimi nikiwa nimemkumbuka baba yangu ambaye amezikwa Ukerewe. Kwaiyo Dijei usitusingizie sisi wageni, wengine tungependa tuusikie.

Mrangi, Kondoa

Naunga mkono ila mkisema ngoma za Dodoma mkumbuke mkoa huu una Warangi, Wasandawe, Waburunge. Msije mkatoa dakika 10 mkatupa sisi sifuri.

Mama, Mpwapwa

Nimewasoma wote kimya toka asubuhi. Kaka mleta mada umeeleza jinsi hizi nyimbo zinavyotikisa moyo. Muheme unanitikisa mimi kuliko nyimbo zote mnazozitaja hapa, na sio kwa furaha.

Nilikuwa na miaka tisa. Sitaeleza yote. Usiku kucha zilipigwa ngoma na sisi watoto tulicheza kwa sababu tulikuwa hatujui, tulidhani ni sherehe yetu. Alfajiri walipotuchukua mmoja mmoja zikapigwa kwa nguvu zaidi, na nimekuja kuelewa ukubwani kwa nini ziliongezwa, ili anayelia ndani asisikike nje. Leo nina miaka 51. Nikipita mahali nikasikia ule mlio miguu inaisha nguvu, natafuta pa kukaa. Nimewahi kuondoka kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu mwenyewe, watu wakasema nina majivuno.

Msiniambie ni mambo ya zamani. Sheria ya kukataza kumkeketa msichana chini ya miaka 18 ipo toka 1998, kifungo ni miaka mitano mpaka kumi na tano, lakini takwimu za afya za 2015-16 zilionyesha mkoa wetu karibu wanawake 47 kwa kila 100 wamefanyiwa, na zipo taarifa wengine siku hizi wanawafanyia watoto wachanga ili sheria isijue, bila ngoma wala sherehe. Mwalimu unaeleza vizuri habari za ngazi ya sauti nami nimefurahi kujifunza, Hukwe Zawose namheshimu, ila ngoma ina kumbukumbu yake, na sisi tunaoibeba mwilini tupo hapohapo ukumbini tumevaa sare za harusi.

Mleta mada, Nzuguni

Dada yangu nimesoma mara tatu ndo nikaweza kuandika. Pole. Sikuwa nimeliwaza kabisa hili na nakiri mbele ya wote, mi ni mwanaume, kwangu muheme umekuwa furaha tupu toka utoto maana jando letu lilikuwa na habari zake nyingine.

Jana jioni nimempigia yule mama anayeongoza kundi la Mvumi nikamuuliza wazi. Akanambia nyimbo za kule ndani wanazijua wenyewe na hawaziimbi mbele za watu harusini, lakini kuhusu mapigo hakunificha, akasema mapigo ni mamoja, mkono ni uleule. Tukakaa kimya kwenye simu muda mrefu. Afu akasema na yeye alikeketwa na bado anaendelea kupiga, kwa sababu ile ngoma walimfundisha mama yake na bibi yake na ni kitu pekee walichomwachia ambacho hakikumuumiza, wembe ulikuwa wa mtu mwingine. Nimemwomba ruhusa kuandika maneno yake hapa, kanipa.

Sa mi siwezi kuchagua kati yenu wawili, na sitaki. Yeye anaisikia ngoma anapona, wewe unaisikia unaumia, na wote mnasema kweli. Ila ya dakika 10 bado naikataa, tena sasa naikataa zaidi, maana tunamtoa mwanamke na historia yote hiyo tunamwambia ingiza mgeni rasmi upesi toka.

Mwezi wa tisa tuna harusi nyingine ya ukoo, Kikombo, na safari hii mi ndo mwenyekiti. Itakuwa chini ya miti, sio ukumbini, saa tisa alasiri. Moto utawashwa. Tunaanza na nyimbo za kuimba na zeze, muheme unakuja baadae, na kadi itaonyesha saa ngapi ili asiyetaka awe na nafasi ya kuondoka bila kusemwa. Malipo yao ni sawa na ya dijei, shilingi kwa shilingi, na wanakula na wageni. Mrangi wa Kondoa mama wa bwana harusi ni wa kwenu, leta kundi.

Mama, Mpwapwa

Asante kwa kumuuliza, hakuna mtu alishawahi kuwauliza wale akina mama mbele yangu. Kadi haitoshi kwangu. Kabla hajapiga mpeni maiki huyo mama, aseme kwa Kigogo mbele ya mabibi na mashangazi wote kwamba hii ngoma haimpeleki tena mtoto yeyote kwenye wembe. Akisema hivyo nitakuja Kikombo. Sitacheza, nitakaa mbali kidogo chini ya mti na nitasikiliza mpaka nitakapoweza.

Mleta mada, Nzuguni

Nimemsomea sasa hivi. Amesema atalisema hilo hata bila maiki, na amekutumia salamu, anataka mkae mti mmoja.

Dijei, Area C

Kikombo nakuja mimi. Spika nafunga mbali na siziwashi mpaka jua lizame. Mwalimu wa Kongwa njoo na wewe mapema unioneshe maiki ya akina mama niiweke umbali gani, zile sauti za juu nataka safari hii zisikike.