Laravel kugoma kwenye terminali: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Vijana wengi wanaoikatia tamaa Laravel (mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya PHP) hawajafika hata kwenye kuandika msimbo. Composer, chombo cha kupakua vifurushi vya PHP, imemaliza salama kuweka kisakinishi cha Laravel, mtu anaandika `laravel new duka` kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), anajibiwa "command not found". Anafuta kila kitu, anapakua upya, bando linakata na jibu ni lilelile. Inaniuma. Aliyepita huko aseme alitokaje.

Naanza mimi. Kwenye Ubuntu yangu kisakinishi kilikuwepo muda wote, terminali ndiyo haikujua pa kukitafuta. Niliandika `composer global config bin-dir --absolute`, ikanionesha folda kilipo, nikaiongeza kwenye PATH (orodha ya folda ambamo terminali hutafuta amri) ndani ya `.bashrc`, faili la mipangilio ya terminali, nikafungua dirisha jipya. Hilo la dirisha jipya msilisahau, la zamani linabaki na PATH ya zamani.

Mchangiaji 2
Umegusa penyewe mkuu. Wenye Mac, faili lenu ni `.zshrc`, maana tangu 2019 terminali ya macOS inakuja na zsh badala ya bash.

Mimi niko Windows na kwangu shida ilikuwa PHP mbili. Andika `where php` kwenye CMD (kwenye PowerShell iwe `where.exe php`). Kwangu ilileta mistari miwili, na inayotumika ni ile ya juu, ambayo ilikuwa toleo la 7.4. Laravel 11 inataka 8.2 kwenda mbele. Nikaipandisha folda ya PHP mpya kwenye orodha ya PATH, kazi ikaendelea.

Mchangiaji 3
Nafundisha vijana, na hili la toleo ndilo naliona kila mara. Ubuntu 22.04 inakuja na PHP 8.1, kwa hiyo Composer inakataa Laravel 11, na inaeleza sababu kabisa. Someni ule ujumbe! Badala yake mtu anaokota `--ignore-platform-reqs` mtandaoni. Hiyo inanyamazisha ukaguzi tu. Vifurushi vinaingia, halafu programu inaweza kuanguka ikikutana na sintaksia ambayo PHP yako haiijui. Ubuntu 24.04 ina 8.3, huko hukwami.

Mchangiaji 4
Wenye bando dogo, hakikisheni kiendelezi cha zip cha PHP kimewashwa. Kikikosekana, na `unzip` au 7-Zip navyo hamna, Composer inaacha faili zilizobanwa na kuvuta hazina nzima za Git (msimbo pamoja na historia yake), MB zinakwenda kweli. Kwenye Windows, `php --ini` itakuonesha `php.ini`, faili la mipangilio ya PHP, iliko; ondoa nukta mkato mbele ya `extension=zip`. Na msikimbilie `composer clear-cache`, vilivyokwisha kupakuliwa vinatumika tena kutoka humo.

Mchangiaji 5
Asanteni sana ndugu zangu. Swali: bila hicho kisakinishi siwezi kuanza mradi?

Mchangiaji 2
Unaweza. `composer create-project laravel/laravel duka`, kisha ingia kwenye folda na uandike `php artisan serve`. Ikigoma, weka hapa ujumbe wote kama ulivyo, pamoja na jibu la `php -v`.