Mgonjwa karuhusiwa lakini hana kwao, nijaze nini kwenye fomu?

Nesi wa Zamu
Wakuu, habari. Niko wodi ya wanaume, Dar. Nina baba mmoja wa TB, wiki ya tatu ya dawa, daktari kaandika aruhusiwe kesho Ijumaa. Nilipofika pa "Anapoishi" kaniambia: "Andika barazani, duka la vitenge, Kariakoo. Mlinzi ananijua." Ndugu wako Ruangwa, hawajawasiliana tangu simu yake iibiwe. Mwezi uliopita tulimruhusu mwingine hivihivi, fuko la dawa mkononi. Siku ya tisa karudishwa na bajaji, fuko halipo. Nifanyeje?

Ustawi Mstaafu
Sista, Ijumaa ndiyo siku mbaya, ofisi zote zinafungwa hadi Jumatatu. Mwombe daktari amsogeze hadi Jumatatu, na ustawi wa jamii waje leo leo, tena walipaswa kuitwa siku aliyolazwa. Kliniki ya TB iwe karibu na anapolala, siyo karibu nanyi. Dawa ni bure, lakini ni miezi 6, nauli ataitoa wapi? Msimamizi wa dawa, yule wa kumwona akimeza, si lazima awe ndugu. Na deni la kitanda liombewe msamaha kabla hajatoroka.

Msafiri
Si apelekwe makazi ya wazee Nunge, Kigamboni?

Ustawi Mstaafu
Ana miaka 60? Hata akiwa nayo, pale ni kwa wasio na wa kuwatunza, na huyu ndugu anao.

Nililala Mnazi Mmoja
Dada, fuko ndilo tunalolalia kichwa. Mwizi anadhani lina simu. Dawa zikae kwa mtu. Halafu zile dawa zinatia njaa balaa, wengi wanaziacha kwa hilo tu. Na mwambieni mapema kuwa mkojo utakuwa rangi ya chungwa. Mwenzangu alidhani anakojoa damu, akazitupa zote.

Nesi wa Zamu
Asanteni. Daktari kakubali Jumatatu. Kuna mama ntilie jirani na lile duka, nimempigia awe msimamizi wa dawa. Swali la kwanza: "Hataniambukizia wateja?" Nikamweleza kwamba kwa wiki tatu za dawa bila kuruka hatari imeshashuka sana. Kanyamaza, mafuta yanasikika yakichemka, kisha: "Vidonge vingapi kwa siku?" Vitatu. "Basi aje kabla sijaanza chapati."

Pa "Anapoishi" nimeandika barazani, duka la vitenge, na namba ya mlinzi.