Kupiga kasia umesimama kwenye ubao: Mtera, Ngozi, Masoko au Matema?

Mwana wa Kihesa

Wakuu, habari za jioni. Niko Iringa mjini. Shemeji yangu amerudi kutoka Dar na mbao mbili zile za kujaza upepo, ambazo mtu anasimama juu yake na kupiga kasia. Tumezijaribu Kigamboni mara mbili tu. Sasa tunataka kusafiri watu watano, siku nne, mwezi wa kumi. Mke wangu hajui kuogelea, lakini ameshasema hatabaki nchi kavu kutulindia viatu.

Kwenye karatasi nimeandika bwawa la Mtera, kwa sababu ni karibu na nyumbani, Ziwa Ngozi kwa sababu ya picha nilizoziona, Masoko, Matema, na mto Ruaha Mkuu kama tutapata sehemu iliyotulia. Gari letu ni dogo, la chini. Nifute ipi, nibaki na ipi?

Perege wa Mtera

Mkuu, futa Mtera na Ruaha Mkuu leo hii hii. Nimevua Mtera miaka mingi. Lile bwawa lina viboko na mamba, na kiboko akizama mchana unaona kitu kama jiwe jeusi, halafu jiwe linapumua. Sisi tulio ndani ya mtumbwi tunampisha mbali. Wewe uko juu ya ubao wa mpira, miguu imelowa, huna hata ukingo wa kushika. Ziwa Rukwa nalo usiliongeze kwenye karatasi, mamba wake wanajulikana.

Ukungu wa Uporoto

Ngozi ni ya kutazama ukiwa juu ukingoni. Unapanda msituni kwa miguu, na kutoka ukingoni kushuka hadi kwenye maji ni mteremko mkali wa kushika mizizi. Mtu aliyebeba ubao, pampu na kasia hapo anajitafutia kuvunjika mguu. Pandeni mkaone, piga picha, shukeni mkale ndizi Tukuyu.

Binti wa Ipinda

Kaka, karibu sana kwetu. Nimezaliwa Ipinda, nimekulia Matema kwa bibi, na ubao wangu umeshachubuka tumbo kwa changarawe za Ikombe. Naandika kwa kirefu kwa sababu ya huyo wifi yangu asiyejua kuogelea.

Anzeni Masoko. Ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, duara, si kubwa, liko njia ya kutoka Tukuyu kuteremka Ipinda. Miti imelizunguka, kwa hiyo upepo unapita juu na maji yanabaki kimya. Hapo juu kuna boma la Wajerumani, na wazee wanasimulia kwamba wakati wa Vita ya Kwanza Wajerumani walizamisha hela zao humo ndani. Salimieni wazee kwanza, mwombe ruhusa, ndipo mshushe vitu. Mke wako aanze kwa kupiga magoti katikati ya ubao, kasia mkononi, akae hivyo hata nusu saa. Akiweza kugeuka kushoto na kulia bila kushtuka, asimame. Msikae mbali na ukingo, maana maji ya kreta yanakuwa na kina ghafla.

Siku ya pili teremkeni Matema. Huko ndiko mtakakopapenda, na ndiko ninakotaka mnisikilize.

Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, na Matema iko kwenye kona yake ya juu kabisa, chini ya milima ya Livingstone. Kuanzia Mei mpaka Agosti mwera unavuma kutoka kusini, hakuna cha kuuzuia njia nzima, na mawimbi yanafika kwetu yamekusanya nguvu za ziwa zima. Oktoba umechagua vizuri. Asubuhi maji yanalala, upepo unaamka mchana. Ikifika saa tano muwe mmeshatoka.

Lakini kuna upepo mwingine ambao mgeni hauoni. Usiku mlima unapoa, na hewa ya baridi inateremka kuelekea ziwani. Alfajiri unaisikia shingoni tu, kama mtu anakupulizia. Mwaka wangu wa kwanza niliingia majini saa kumi na mbili kasoro, ziwa likiwa kama kioo, nikapiga kasia nikijiona nina nguvu za ajabu. Nilipogeuka, nyumba ya bibi ilikuwa ndogo kama kiberiti. Kumbe nilikuwa nasukumwa. Kurudi nikiwa nimesimama nilishindwa kabisa, kwa sababu mwili mzima ni tanga. Nikalala kifudifudi, kasia nikaliweka chini ya kifua, nikapiga maji kwa mikono. Nilifika viganja vimeiva, na bibi amesimama ufukweni kanga kichwani, haongei. Sijamsahau alivyonitazama.

Kwa hiyo subirini jua litoke mlimani na huo upepo ukate. Kabla ya kuingia, rusheni jani kavu majini mlitazame dakika mbili. Likienda kusini kwa haraka, kaeni mnywe chai.

Upande wa kwenda ni huu: ukisimama Matema umelitazama ziwa, mkono wa kulia ni mdomo wa mto Lufirio. Msiende huko. Kuna mamba, na maji ya mto ni machafu huwezi kuona kitu. Mkono wa kushoto ni njia ya Ikombe, miamba imeingia majini, maji meupe unaona samaki wadogo wa buluu wakichungulia kwenye mawe. Fuateni ukingo, hatua kumi au ishirini kutoka kwenye mawe, msikate kona kupita katikati.

Ubao usiuache juani. Mimi niliuacha mchangani saa saba, niliporudi mshono ulikuwa umetuna kama mkate. Ukipumzika uweke kivulini au upunguze upepo.

Mwana wa Kihesa

Dada, ndaga fijo, asante sana! Nimemsomea mke wangu yote, hapo kwa bibi alinyamaza kabisa. Maswali mawili: jaketi la kuelea tunalo moja tu kati ya watu watano, linatosha? Na kichocho vipi?

Binti wa Ipinda

Moja halitoshi. Kila aliye majini avae, hata shemeji anayejua kuogelea, na lifungwe kifuani kabisa, lisiwekwe juu ya ubao kama mzigo. Kamba ya mguuni pia ifungwe muda wote. Ukianguka bila kamba, upepo unauchukua ubao haraka kuliko unavyoweza kuogelea.

Kichocho kipo, sitakudanganya. Konokono wake wanapenda maji yaliyotuama yenye majani, kwa hiyo ingieni na kutoka penye mchanga safi au mawe, mjifute taulo haraka mkitoka. Wiki sita au nane baada ya kurudi Iringa nendeni hospitali mkapime, mueleze mlikuwa Ziwa Nyasa. Dawa yake ni prazikwanteli, inatibu.

Jambo jingine: pangeni mfike Ijumaa. Jumamosi ni soko la vyungu Matema. Mama zetu Wakisi wanavitoa Ikombe kwa mitumbwi, vimepangwa vikubwa chini vidogo juu, nyasi kavu katikati visigongane. Mkikutana nao njiani, kaeni chini kwenye ubao na msogee pembeni wapite, maana mtumbwi uliojaa vyungu hauna nafasi ya kuyumba. Wasalimieni. Watacheka sana kuona mtu mzima amesimama juu ya maji, na mmoja atamuuliza mke wako kama haogopi.

Mwana wa Kihesa

Anasema atamjibu akiwa amepiga magoti. Jaketi nne naagiza kesho.