Naomba ushauri: Tunataka kamera ya mwendokasi mbele ya shule, tuanzie wapi?

Mzazi_Nyanda: Habari za jioni wakuu. Nipo kwenye kamati ya shule ya msingi, kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Iringa–Mbeya. Shule iko upande mmoja, nyumba nyingi upande wa pili. Kibao cha 50 kipo, zebra ipo, lakini malori ya Tunduma na mabasi yanapita kama hakuna watu. Trafiki wakiwepo na tochi (kile kipima mwendo cha mkononi) magari yanatambaa. Madereva wakishapigiana taa, au trafiki wakiondoka, hali inarudi ileile. Mwezi uliopita mtoto wa darasa la pili aligongwa akavunjika mguu. Tunamshukuru Mungu yuko hai. Wazazi wanataka tuombe kamera ya kudumu, ya mchana na usiku. Je, ndiyo dawa au tunapoteza muda?

Fundi_Lami: Pole sana mkuu, mtoto apone haraka. Mimi niko kwenye kazi za barabara. Kamera ni nzuri ila inaweza kuchukua muda mrefu, na watoto wanavuka kesho asubuhi. Barabara kuu iko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara, kwa hiyo barua ipite serikali ya kijiji iende kwa meneja wa mkoa, nakala polisi wa usalama barabarani. Ombeni kwanza rasta (yale matuta madogo madogo yanayotikisa gari) pande zote mbili na zebra iinuliwe iwe tuta. Tuta liko kazini saa zote.

Halafu msiandike tu "magari yanakimbia". Pimeni! Wekeni alama mbili zilizoachana mita 100, mkae mbali na lami, mtumie saa ya simu. Gari la kilomita 50 kwa saa linatumia sekunde 7 na kidogo. Likitumia 4 na nusu, hilo liko 80. Pimeni magari mengi, hasa watoto wanapoingia na kutoka, mwandike daftarini saa, aina ya gari na sekunde. Barua yenye daftari kama hilo inasomwa tofauti kabisa.

Mbongo_Kigali: Huku Rwanda kamera wameibatiza Sofia, na inaheshimiwa kwelikweli. Faini inakuja kwa ujumbe wa simu, hakuna wa kumbembeleza. Lakini watu walilalamika sana kuhusu kamera za kujificha na vibao visivyoeleweka. Mkipata yenu, iwe mahali inapoonekana. Mnachotaka ni gari lipunguze kabla ya kufika kwa mtoto. Picha ya gari lililokwishamgonga haimsaidii.

Dereva_Masafa: Nasema ukweli kama mtu wa lori. Kamera moja tunaizoea. Unashika breki ukiikaribia, ukiipita unakanyaga mafuta. Kinachobana ni mbili, moja mwanzo wa kijiji, nyingine mwisho, zinasoma namba ya gari na kupiga hesabu ya muda uliotumia katikati. Italia wanazo kwenye barabara zao kuu. Hapo huna ujanja. Na matajiri wenye malori nao waguswe, maana dereva anapigiwa simu njia nzima "umefika wapi?"

Binti_Ilala: Sisi wa Dar tunazitamani kamera za kunasa wanaopita taa nyekundu, ila trafiki akiwa anaita magari kwa mkono huku taa imezuia, kamera itamwandikia nani? Hilo lipangwe kwanza. Kwa kijiji chako namuunga mkono Fundi. Ongeza na hesabu hii kwenye barua: gari lilelile likitoka 50 kwenda 80, nishati linayogonga nayo inazidi mara mbili na nusu. Wazazi walijue hilo, na madereva pia.

Mzazi_Nyanda: Asanteni sana ndugu zangu. Jumatatu tunaanza kupima, mwalimu wa hisabati amekubali kusimamia. Rasta na tuta vitatangulia kwenye barua, kamera mbili za Dereva_Masafa zitafuata. Fundi, nikikutumia rasimu faraghani utaipitia kabla haijapigwa muhuri wa kijiji?

Fundi_Lami: Tuma mkuu. Weka na picha ya zebra ilivyo sasa.