Mnaouza pikipiki za trials za watoto kwa gia ya "mtoto amekua tu", acheni uhuni

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina salamu ndefu, nina hasira.

Nipo West Yorkshire, Uingereza. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi pikipiki Morogoro, na Waswahili wengi wa maeneo haya wananijua kwa hilo. Kwa hiyo mzazi akimnunulia mwanawe pikipiki ya trials iliyotumika, ikigoma tu, inaletwa kwangu. Na kila nikifungua nakutana na madudu yale yale. Nimechoka, acha niseme.

Kwa mlio nyumbani ambao hamjauona mchezo huu: trials si mbio. Pikipiki haina kiti cha maana, mtoto anasimama muda wote na kupita polepole kwenye mawe, mizizi na vijito, huku msimamizi akihesabu miguu. Ukipita bila kukanyaga chini unapata sifuri, mguu mmoja pointi 1, miwili 2, mitatu na kuendelea 3, ukishindwa kabisa 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi. Huku kwetu mchezo una wenyewe: Dougie Lampkin, bingwa wa dunia mara 7 mfululizo kuanzia 1997 hadi 2003, ni mtu wa Silsden, pua na mdomo na mji wa Keighley, hapa hapa West Yorkshire. Baba yake Martin alikuwa bingwa wa dunia 1975. Watoto wetu wanasoma na watoto wa watu hawa, wameupenda mchezo, basi. Anayetaka kuniambia ni mambo ya wazungu afungue uzi wake.

Sasa turudi kwenye matangazo. Yote yameandikwa na mkono mmoja: "Mtoto amekua, imetumika kidogo sana, imekaa tu gereji." Ukimpigia muuzaji anakuongezea, "Ni ya mtoto bwana, itakuwa na shida gani?"

Huo ndio uongo wenyewe. Pikipiki ya mtoto ndiyo inayoteswa kuliko zote. Inaangushwa kwenye mawe mchana kutwa. Jioni inamwagiwa maji ya mashine ya presha mpaka kwenye beringi, inasukumwa gereji ikiwa imelowa, na haiguswi tena mpaka Jumapili ijayo. Baba mtu ya kwake anaifungua, anaipaka grisi, anabadilisha oili. Ya mtoto anasema aah, mwakani ataihama. Anamuuzia mwenzake, naye anafikiria hivyo hivyo, naye anauza. Ikifika kwa mtoto wa nne haijawahi kuona grisi tangu itoke kiwandani. Na mtoto hajui kusema klachi inavuta au usukani una mchezo. Yeye anajiona hajui kuendesha. Nimeona mtoto analia kwenye mawe akidhani kosa ni lake, kumbe klachi haiachii hata ukiibana mpaka mwisho.

Iliyonifikisha hapa ni ya jamaa mmoja wa Tanga. Kamnunulia binti yake wa miaka 10 pikipiki ya cc 80 kwa pauni 1,600. Hela ya zamu za usiku hiyo, si ya kuokota. Kaenda na gari, kaikuta inawaka kwa kiki moja, plastiki zinang'aa, stika mpya. Wiki ya tatu ikaanza kuzima yenyewe, akaniletea.

Nikafungua filta kwanza. Kwenye trials filta inakaa nyuma, chini ya madigadi, yaani pale pale tairi linaporushia matope. Ni sponji, inatakiwa ioshwe, ikauke, ipakwe oili yake maalumu, na ukingo wake upigwe grisi ili vumbi lisipenye pembeni. Hii nilipoishika ikabaki mkononi vipande vipande. Sponji imeoza! Nikaingiza kidole kwenye njia ya hewa kuelekea kabureta, kikatoka na mchanga. Mnaojua mnajua mchanga ukishafika huko unakwenda wapi. Nikavua silinda: pistoni ina michirizi juu mpaka chini, ringi imeisha.

Nikamwaga oili ya giaboksi. Ilitoka kama chai ya maziwa. Hapo huna haja ya kubishana na mtu, maji ya rejeta yameingia kwenye oili, na mara nyingi mchawi ni sili ya wota pampu. Sili yenyewe ni hela ndogo. Ila ukiendelea kuendesha hivyo unaua beringi ndani, na hapo hela si ndogo tena.

Nikashuka kwenye viungo vya shokapu ya nyuma, chini kabisa, karibu na bamba linalokinga injini. Bolti moja ilitoka kwa nyundo. Ndani beringi za sindano zimegeuka unga mwekundu.

Yote haya ningeyameza. Kilichonipandisha presha ni hiki. Kwenye usukani wa pikipiki hizi kuna swichi ya sumaku yenye kamba, mtoto anaifunga mkononi. Akianguka, sumaku inachomoka na injini inazima. Chama chao cha pikipiki huku, ACU, kinaitaka kwenye mashindano, na hata kisingeitaka, ni mtoto huyu! Nikafuata nyaya za swichi mpaka chini ya tenki, nikakuta zimekatwa na kuzungushiwa utepe mweusi. Kamba ipo, sumaku ipo, ukiichomoa injini inaendelea kuunguruma kama haijaambiwa kitu. Mtu kaona swichi inasumbua, akaikata, kisha akaacha kamba ining'inie ili mnunuzi aione. Binti wa watu kaendesha wiki tatu anaamini akianguka itazima. Huyo muuzaji mimi simwiti mjanja. Nina jina jingine, moderata atafuta uzi.

Jamaa kampigia. Jibu: "Ulivyoiona ndivyo ulivyoinunua, mimi ni mzazi tu kama wewe." Mzazi! Tukaingia mtandaoni kutafuta matangazo yake. Mlango ule ule wa gereji wa kijani, pikipiki ya watoto nyingine, na nyingine, na nyingine. Watoto wangapi wanakua kwa mpigo nyumba moja?

Hapa wengi hamjui haki yenu, sikilizeni. Huku Uingereza, kwa sheria ya haki za mlaji ya 2015, ukinunua kwa mfanyabiashara na kitu kina kasoro ambayo hukuambiwa, una siku 30 za kukirudisha na kudai hela yako yote. Maneno ya "ulivyoiona ndivyo" hayamsaidii. Ukinunua kwa mtu binafsi haki zako ni chache, ila bado kitu lazima kifanane na alivyokieleza. Ndiyo maana hawa wanajifanya wazazi. Na mfanyabiashara kujifanya mtu binafsi ni kosa kisheria. Pigeni picha ya tangazo kabla hamjalipa, maana likishauzwa linafutwa. Huyu wa Tanga bahati yake mkewe alilihifadhi kwenye simu. Tumeshaandika barua, tunasubiri.

Najua wataibuka wa "si ungeikagua kwanza". Sawa, nawaambia mnavyotakiwa kuikagua, na mkifika huko muwe na roho ngumu.

Fika mapema kuliko saa mliyoahidiana. Kabla hajaigusa, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, amekwisha kuiwasha ili iwake kirahisi mbele yako. Mwambie mtasubiri ipoe, mkanywe chai. Akikataa, rudi nyumbani. Halafu mwombe afungue filta. Hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu mtu anayeosha filta anafanya na mengine, na asiyeiosha hafanyi lolote. Haichukui dakika tano. Akianza kujikuna kichwa kwamba hana spana, umeshajibiwa.

Pandisha injini juu ya gogo ili tairi la nyuma lielee, kisha linyanyue na kulishusha kwa mkono. Ukisikia linagonga kabla shokapu haijaanza kufanya kazi, viungo vimekwisha. Litikise kulia na kushoto kusikiliza beringi za gurudumu. Simama mbele, bana breki, sukuma usukani mbele na nyuma. Chungulia bamba la chini. Mikwaruzo ni kawaida, ila likiwa limebonyea mpaka limegusa injini, mwambie alifungue uone kama kava haina ufa. Angalia namba ya fremu pale kwenye shingo ya usukani. Nyingi za hizi hazijasajiliwa barabarani, hazina kadi, kwa hiyo wezi wanazipenda sana. Namba iliyosagwa, kimbia.

Swichi ya sumaku ichomoe injini ikiwa inaunguruma. Mwenyewe, kwa mkono wako. Isipozima hapo hapo, mazungumzo yameisha.

Kuna kundi la pili la kulaumiwa na halihusiani na wazungu. Ni nyinyi washauri wa vikundi vya WhatsApp. "Mnunulie ya cc 125 kabisa, atakua nayo." Atakua nayo vipi wakati haiwezi? Trials ya mtu mzima ina kama kilo 70. Mtoto wa miaka 10 ikimlalia mtoni nani ataiinua, wewe uliyepo kwenye kikundi? Kipimo changu ni rahisi: ailaze chini, aiinue mwenyewe. Kisha asimame juu yake, afikie klachi na breki kwa kidole kimoja bila kuachia usukani. Ikishindikana, hiyo bado si yake, hata iwe ya bure. Zipo 80 za magurudumu madogo na za magurudumu makubwa, injini ni ile ile, tofauti ni kimo. Ulizeni ipi ni ipi kabla hamjasafiri.

Na wale mnaosema "weka oili nyingi kwenye petroli, injini ilainike", mmezoea pikipiki za Yamaha DT za zamani. Hizi zinaendeshwa kwa mzunguko mdogo. Wengi huku wanachanganya petroli kwa oili kati ya 60 kwa 1 na 80 kwa 1. Lita 5 za petroli na mililita 75 za oili nzuri zinatosha. Fuateni kitabu cha pikipiki husika. Mkimimina tu, plagi inalowa, eksosi inaziba na kutiririsha uchafu mweusi, halafu mnaniambia kabureta mbovu.

Mafuta ya klachi pia. Nyingine zinatumia DOT 4, yaani mafuta ya breki, nyingine mafuta ya madini. Ukikosea, sili za mpira zinavimba na klachi inakufa. Soma kifuniko, si kubahatisha.

NYONGEZA: Nimeona mmeuliza sana za umeme. OSET ni nzuri kwa wadogo, zilianzia kwa baba Mwingereza aliyemtengenezea mwanawe, na mwaka 2022 kampuni ikanunuliwa na Triumph. Hazina filta wala kiki, ila uhuni umehamia kwenye betri. Zile za zamani za volti 36 zenye betri za risasi zina betri tatu za volti 12 zilizoungwa pamoja. Moja ikifa inazivuta chini na zile nyingine. Muuzaji anaichaji usiku kucha, unaijaribu dakika tano inaruka vizuri, ukifika nyumbani nusu saa imezimia. Nendeni na mita, pimeni kila betri peke yake baada ya mtoto kuipandisha kilima mara kadhaa, si kabla.

Kwa aliyeuliza nimtaje muuzaji: simtaji hapa, suala lipo kwenye barua. Ila ukiona mlango wa kijani, nitumie PM kabla hujatoa hata senti.

Mwingine kauliza kama ile pikipiki inapona. Inapona. Fremu imenyooka na giaboksi nimeisikiliza, bado iko vizuri. Jamaa akirudishiwa hela itarudi kwa mwenyewe na madudu yake. Asiporudishiwa, natafuta silinda ya 80 iliyo nzima pamoja na pistoni, Yorkshire au Lancashire nitaifuata mwenyewe. Mwenye nayo atume picha ya ndani ya silinda, yenye mwanga wa kutosha. Picha za stika sitaki.