Naomba ushauri: vielelezo vya kesi ya ubakaji vimefungwa kwenye nailoni

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Niko Buswelu, Mwanza. Binti wa dada yangu, mtu mzima, alibakwa wiki iliyopita akitoka kufunga genge lake. Usiku uleule polisi walimpa PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali), hospitali wakampima, wakachukua sampuli na kumwanzishia dawa za kuzuia VVU kabla ya saa 72. Hapo sina lalamiko.

Kinachonitatiza ni nguo. Askari alizipokea zikiwa na unyevu, akazitia zote kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Nijuavyo, hukaushwa kivulini kisha kila moja ikafungwa peke yake kwenye karatasi, maana unyevu ukizibwa huleta ukungu na kuharibu vinasaba. Nimwambie mpelelezi, au nitaonekana namfundisha kazi? Na hatukupewa hati yoyote ya makabidhiano, tuidai?

Halafu tunaombwa hela ya mafuta ili sampuli zifike maabara. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza, mafuta ya kwenda wapi?

Mzee mmoja wa ukoo (hawakosekani) anataka yaishe kwa ng'ombe. Huyo niachieni mimi.

Najua mahakama zetu huupa uzito mkubwa ushahidi wa mwathirika mwenyewe, ila mtuhumiwa anakana hata kumfahamu. Aliyewahi kufuatilia anielekeze: nianzie Dawati la Jinsia na Watoto, kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, au ofisi ya mashtaka?